Kutoka 0.90 hadi 1.0: gemu ya roketi iliyotimiza ahadi, na mdogo wake aliyekwama

Tarehe 27 Aprili 2015 namba moja ilibadilika. Gemu ya Kerbal Space Program, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa toleo la 0.90, ikawa 1.0. Ukiangalia haraka haraka unaona ni kitu kidogo, kama mtu kubadilisha picha yake ya WhatsApp. Lakini kulikuwa na wasee walioicheza hiyo gemu tangu 2011 ikiwa nusu nusu, na walikuwa wamengoja hiyo 1.0 karibu miaka minne. Cha kushangaza, wengi wao hawakushangilia. Waliuliza: inakuwaje toleo moja tu la beta, miezi minne, halafu mnatuambia gemu imeiva?

Nimeamua kuandika historia ya hii kitu kwa sababu siku hizi karibu kila gemu ya maana inauzwa kabla haijakamilika, na swali ninaloulizwa sana ni kama ni sawa kutoa pesa. Mimi jibu langu nililipata hapa, kwa gemu ya viumbe vidogo vya kijani vinavyolipuka kwenye roketi.

Tuanze Mexico City. Kulikuwa na kampuni inaitwa Squad, na kazi yake haikuwa magemu hata kidogo. Walikuwa watu wa matangazo na maonyesho ya biashara. Ndani yao kulikuwa na programa mmoja, Felipe Falanghe, ambaye mwaka 2010 alitaka kuacha kazi aende akatengeneze gemu yake. Wenye kampuni, Adrian Goya na Ezequiel Ayarza, wakamwambia amalize mradi aliokuwa nao, halafu atengenezee hiyo gemu hapo hapo ofisini. Hebu fikiria bosi wako anakuambia hivyo. Kazi yenyewe ilianza Januari 2011.

Hata jina lina hadithi. Falanghe alipokuwa kijana kule Brazil, alikuwa anatengeneza vitu vidogo vya karatasi ya bati vyenye sura ya watu na kuvifunga kwenye fataki, kisha anavirusha. Hivyo ndivyo alivyoviita Kerbal. Kwa hivyo ukiona kwenye gemu Jebediah Kerman anatabasamu huku injini inawaka moto upande usiofaa, ujue huo utundu ulianza kitambo, mtaani, na kiberiti mkononi.

Toleo la kwanza kwa umma, 0.7.3, lilitoka tarehe 24 Juni 2011, bure. Lilikuwa na vipande vichache: tangi, injini, kapsuli, mwavuli wa kutulia. Hakukuwa na mwezi wa kwenda. Unajenga, unabonyeza, unapaa, unaanguka, unacheka. Basi. Mwezi wao, unaoitwa Mun, ulikuja baadaye mwaka huo huo. Sayari zingine zilikuja Septemba 2012, na uwezo wa kuunganisha vyombo viwili angani ukaja Desemba mwaka huo huo. Wakati huo tayari watu walikuwa wanalipa, na kila toleo lilikuwa linakupa kitu kipya unachoweza kushika leo.

Hapo ndipo naona siri yote ya hii gemu. Hata lile toleo la kwanza lilikuwa na fizikia ndani, na fizikia ndiyo gemu yenyewe. Kama hujawahi kuicheza, shida ya kwanza utakayokutana nayo ni hii: unadhani kwenda angani ni kwenda juu. Unapaa wima kabisa, unafika kilomita mia moja, unafurahi, halafu unarudi chini kama jiwe. Kukaa angani ni kwenda kando, kwa kasi kiasi kwamba kila ukianguka, ardhi inakukwepa. Sayari yao, Kerbin, ina nusu kipenyo cha kilomita 600 tu, karibu sehemu moja ya kumi ya Dunia yetu, kwa hivyo kasi unayohitaji kuizunguka chini chini ni kama mita 2,300 kwa sekunde. Kwa Dunia ni karibu mita 7,800. Walipunguza ukubwa ili mtu asilale kwenye kibodi akingoja kufika, lakini kanuni wakaziacha vile zilivyo.

Halafu angalia kituo chao cha kurushia roketi kilipo. Kiko karibu kabisa na ikweta, na upande wa mashariki ni bahari. Sababu ni kwamba sayari inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndipo uso wake unakimbia zaidi, kwa hivyo ukirusha kuelekea huko unapewa msukumo wa bure. Hiyo hesabu ndiyo iliwaleta Waitaliano Ngomeni, pale kaskazini mwa Malindi, wakasimamisha jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka hapo, na ikaitwa Uhuru kwa sababu ya hiyo siku. Mimi hilo sikulielewa shuleni. Nililielewa siku roketi yangu ilipoelekea magharibi kwa makosa na mafuta yakaisha kabla ya kufika.

Sasa, tarehe 20 Machi 2013 Steam ilifungua mpango wake wa Early Access, na Kerbal ilikuwa kati ya gemu 12 za kwanza kabisa, pamoja na kina Arma 3 na Prison Architect. Kabla ya hapo, kuuza gemu haijaisha ilikuwa mambo ya watu wachache kwenye tovuti zao wenyewe, Minecraft ikiwa mfano mkubwa. Baada ya hapo ikawa duka rasmi, na lebo rasmi. Kwa hivyo Kerbal haikuingia kwa huo mpango tu. Ilikuwa moja ya zile zilizowafundisha watu maana yake.

Na mwezi mmoja baadaye wakaingia kwa shida. Mtu wa Squad alitaja hadharani kwamba siku moja huenda wakauza nyongeza za kulipia. Moto ukawaka, kwa sababu watu walikuwa wamenunua wakiambiwa matoleo yote yajayo ni bure. Nyongeza ni toleo ama si toleo? Unaweza kusema ni maneno tu, lakini mtu akishatoa pesa zake, neno moja lina uzito. Squad wakatangaza kwamba yeyote aliyenunua hadi mwisho wa Aprili 2013 atapata nyongeza zote bure.

Ahadi za mtandaoni tunazijua. Lakini nyongeza ya kwanza, Making History, ilitoka Machi 2018, miaka mitano baadaye. Hapo katikati Falanghe alikuwa ameondoka, kundi la watengenezaji lilikuwa limejiuzulu kwa mpigo Oktoba 2016, na gemu yenyewe ilikuwa imeuzwa kwa kampuni kubwa ya Marekani, Take-Two, mwaka 2017. Na bado wale wa Aprili 2013 walipewa bure. Kusema ukweli mimi hapo ndipo niliwavulia kofia.

Turudi kwa ile 1.0, kwa sababu watu wanaisimulia kama sherehe na haikuwa hivyo. Kabla yake, hewa kwenye gemu ilikuwa kichekesho. Upinzani wa hewa ulikuwa unahesabiwa kwa uzito wa kipande, bila kujali umbo lake. Maana yake ni kwamba ukiweka ncha iliyochongoka mbele ya roketi, ile kitu ambayo kila mtoto akichora roketi anaichora, ulikuwa unaongeza uzito, na kwa hivyo unaongeza upinzani. Roketi yenye kichwa bapa kama debe ilikuwa inaenda vizuri zaidi! Watu walicheza miaka kadhaa hivyo, na walikuwa wamejenga ujuzi mzima juu ya hilo kosa.

Toleo la 1.0 likafagia yote. Umbo likaanza kuhesabika. Ukirudi kutoka angani bila ngao ya joto, unaungua. Ukaweza kuchimba madini kwenye miezi na kuyageuza mafuta. Akaja Valentina, rubani wa kwanza mwanamke kati ya Kerbal, na wengine wa kike pamoja naye. Yote mazuri. Lakini hewa mpya ilikuwa imeingia kwa umma ikiwa bado mbichi, na ndani ya wiki moja wakaibadilisha tena, na roketi za watu zilizokuwa zimepaa jana zikaanza kupiga sarakasi leo. Kwa hivyo wale waliouliza beta iko wapi walikuwa na haki. Mimi nakubaliana nao hadi leo: walihitaji toleo moja ama mawili zaidi kabla ya kubandika ile namba.

Lakini angalia kilichotokea kwa yule msee aliyekasirika. Alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na gemu ambayo tayari ilikuwa imempa mamia ya saa. Alikuwa na video za Scott Manley, yule Mskoti wa YouTube aliyewafundisha watu wengi obiti kuliko walimu wao wa fizikia. Alikuwa amekamata asteroidi, kwa sababu Aprili 2014 Squad na NASA walishirikiana kuweka kwenye gemu ule mpango wa kuvuta asteroidi ambao NASA yenyewe ilikuwa inaupanga. Kama Squad wangefunga mlango siku moja kabla ya 1.0, angekuwa ameumia, lakini asingekuwa ameibiwa. Alichokilipia alikuwa ameshakipata, kidogo kidogo, na ile 1.0 ikawa juu yake kama chumvi.

Na hawakufunga mlango. Waliendelea kuirekebisha miaka sita baada ya kusema imeisha. Toleo kubwa la mwisho, 1.12, walilitoa tarehe 24 Juni 2021, miaka kumi kamili tangu lile la bure.

Sasa njoo kwa mdogo wake. Kerbal Space Program 2 ilitangazwa Agosti 2019, itoke 2020. Haikutoka. Kazi ilianza kwa studio inaitwa Star Theory, ikanyang'anywa, ikapelekwa kwa studio mpya ya Take-Two, Intercept Games, na baadhi ya watengenezaji wakahamia huko. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Hatimaye tarehe 24 Februari 2023 ikaingia sokoni kwa Early Access, dola 49.99. Kwa dola ya wakati huo hizo ni zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya. Na kadi ya picha waliyopendekeza ilikuwa RTX 3080, kitu ambacho kwa wengi wetu ni bei ya kompyuta nzima na kiti chake.

Ndani kulikuwa na nini? Picha nzuri na muziki mzuri sana, hapo siwanyimi. Lakini hakukuwa na sayansi, hakukuwa na makoloni, hakukuwa na safari za nyota nyingine, hakukuwa na kucheza na wenzako. Hata joto la kurudi kutoka angani, lile ambalo kaka mkubwa alikuwa nalo tangu 2015, halikuwepo. Vyote hivyo vilikuwa kwenye orodha ya yajayo. Wakati ule wa 2011 orodha haikuwa na uzito, kwa sababu hakuna aliyejua Mun utakuja. Ukinunua, unanunua kilicho mbele yako. Mwaka 2023 orodha yenyewe ndiyo ilikuwa bidhaa.

Desemba 2023 sayansi ikaja, na joto likaja, na kusema haki gemu ikaanza kupendeza. Halafu mwishoni mwa Aprili 2024 notisi ya kupunguza wafanyakazi ikaonekana kule Seattle: watu 70. Sasisho la mwisho lilikuja Juni mwaka huo. Timu ikaisha. Novemba Take-Two ikatangaza kwamba imeuza kitengo chake cha uchapishaji kilichokuwa kinaimiliki gemu. Na kwenye Steam ile gemu ikaendelea kukaa, bei yake pale pale, lebo yake ya Early Access pale pale.

Najua kuna watakaonijia kwenye maoni waseme mimi nawachukia watengenezaji wa ya pili. Siwachukii. Nina uhakika wengi wao waliipenda hiyo kazi kuliko sisi, na wao ndio waliopoteza ajira. Kilichonikera ni bei kamili kwa kitu ambacho bado hakijajua kama kitaishi.

Kwa hivyo ukiniuliza kama ulipie gemu fulani ambayo haijaisha, mimi nitakuuliza tu: kama wataacha kesho, ulicho nacho leo kinatosha hizo pesa? Kama jibu ni ndiyo, lipa. Kama jibu ni "wamesema watongeza", subiri kidogo, duka halihami.

Mimi nimerudi kwa ile ya zamani, na modi kama thelathini juu yake, na feni ya kompyuta inalia kama posho mill. Wikendi iliyopita nilimtua Valentina kwenye Mun vizuri kabisa, kisha nikaangalia mafuta. Hayatoshi kurudi. Jana nilimtuma Jebediah amchukue, naye ametua kilomita arobaini mbali na sasa ngazi yake imekatika. Kama kuna mtu ana wazo, nipeni.