Moshi wa Mzazi, Mishipa ya Mtoto

Madhara ya sigara ya mzazi kwa mtoto yalianza kuhesabiwa kwa makini mwaka 1974, karibu robo karne baada ya Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza kuihusisha sigara na saratani ya mapafu ya mvutaji mwenyewe. Mwaka huo jarida la Lancet lilichapisha tafiti mbili. Ule wa Jerusalem ulifuatilia watoto wachanga zaidi ya 10,000 na kubaini kwamba waliozaliwa na mama wavutaji walilazwa zaidi hospitalini kwa nimonia na mkamba. Ule wa Harrow, London, ulionyesha kuwa mwaka wa kwanza wa maisha ndio wa hatari. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani akaonyesha kuwa wake wasiovuta walipata saratani ya mapafu kwa sigara za waume zao.

Mishipa ya damu ilichelewa kuchunguzwa, kwa kuwa haikohoi. Miaka ya 1990 David Celermajer na wenzake walitumia mawimbi ya sauti kutazama mshipa wa mkono unavyotanuka damu inapoongezeka kasi. Mwaka 1996 walieleza kwamba vijana wenye afya waliokaa katika moshi wa wengine walikuwa wamepungukiwa na uwezo huo. Mwaka 2014 takwimu za watu wa Finland na Australia waliofuatiliwa tangu utotoni zilitoa jibu zito zaidi: waliolelewa na wazazi wawili wavutaji walikuwa na kuta za mishipa ya shingo nene zaidi kwa milimita 0.015, sawa na kuzeeka miaka mitatu na ushei kabla ya wakati. Alipovuta mzazi mmoja tu, tofauti hiyo haikuonekana.

Huko Dundee, Uskoti, watafiti walikwenda mbali zaidi ya mshipa mmoja, wakapiga picha za MRI za moyo na mishipa ya mwili mzima kwa mara moja. Waliopigwa picha ni watu wa miaka 40 na kuendelea wasiojulikana kuwa na ugonjwa wa moyo. Bado ni kazi ya utafiti, na mzazi hahitaji kuingoja ndipo atoke nje na sigara yake.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004. Mwaka 2006 Waziri wa Afya Charity Ngilu alipiga marufuku uvutaji hadharani, kampuni za tumbaku zikaenda mahakamani na amri ikasimamishwa. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Kanuni zake za mwaka 2014 nazo zilipingwa na kampuni ya BAT hadi Mahakama ya Juu, iliyoitupa rufaa hiyo Novemba 2019. Sheria hiyo haikuishia kwenye ofisi na matatu: imetaja pia nyumba za makazi wanamotunzwa watoto. Ni kifungu cha ujasiri, ingawa hakuna askari anayebisha hodi usiku kukagua moshi.

Huko Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, baridi ya milima ya Gusii hufungisha madirisha mapema, na moshi wa sigara hukuta ule wa kuni umetangulia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake wanatumia tumbaku. Kwa hiyo mvutaji wa nyumbani kwa kawaida ni baba, ilhali anayempeleka mtoto kliniki ni mama, na ushauri mwingi huishia kwake. Hata ng'ambo kazi hii si rahisi: mapitio ya mwaka 2018 ya tafiti 78 za kuwakinga watoto na moshi yalipata takriban theluthi moja tu zilizoleta mafanikio ya wazi.

Kinachoweza kumfikia baba ni ziara ya nyumbani. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vipimo, kikiwemo cha shinikizo la damu. Mwanamume anayekubali kupimwa presha sebuleni kwake anaweza kuulizwa hapo hapo anavutia wapi sigara, na nani huwa chumbani wakati huo.