Kokoto za getini zinahama kila masika? Usikimbilie kuagiza tripu nyingine

Masika yakiisha, nyumba nyingi za maeneo ya miinuko jijini Dar es Salaam, kama Goba, Salasala na Kimara, hubaki na picha ileile: kokoto zilizomwagwa getini zimeshuka na maji, nyingine zimeziba mtaro wa jirani, nyingine ziko barabarani zikisubiri kuangusha bodaboda. Mwenye nyumba anapiga simu, inaletwa tripu nyingine. Machi ikifika, hela inasombwa tena.

Mara nyingi shida siyo uchache wa kokoto.

Angalia kwanza jiwe lenyewe. Kokoto laini za mviringo, zile za mtoni, huteleza chini ya tairi kama gololi hata uzishindilie vipi. Zinazofaa ni zilizopondwa, mfano zinazoletwa Dar kutoka Lugoba, kwa sababu kona zake hushikana. Usizitake safi sana pia. Vumbi la mawe likichanganywa humo huingia kwenye mianya, na likimwagiwa maji na kushindiliwa, hukaza.

Kosa jingine ni kurundika. Tabaka la juu likizidi sana sentimita 5, gari inazama na kuacha mifereji miwili ya tairi. Uzito hubebwa na kilichopo chini, yaani moramu ya sentimita 10 hadi 15, iliyoloweshwa kidogo na kushindiliwa kwa awamu. Mashine ya kushindilia hukodishwa. Fundi akisema atapitisha tu gari juu yake mara mbili tatu, hapo hujashindiliwa kitu.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kokoto humezwa na tope. Udongo huo utolewe, au angalau kitandikwe kitambaa maalumu cha ujenzi kinachopitisha maji kabla ya kuweka moramu.

Halafu kuna maji, ambayo ndiyo hasa yanayoharibu. Katikati ya njia painuliwe kidogo, pashuke kama sentimita 3 kwa kila mita kuelekea pembeni, kwenye mtaro. Matofali ya saruji yaliyozikwa nusu kila upande huzuia kokoto kutawanyika. Penye mteremko, mfereji wa kukatisha njia huyatoa maji kabla hayajapata kasi. Ila kama gari inapanda getini kwa kuunguruma, tuseme ukweli: kokoto hazitakaa hapo. Mistari miwili ya zege ya kupitisha tairi itakutoka hela mara moja tu.

Kokoto zilizopo zisitupwe. Zikusanywe kwa reki, sakafu ya chini irekebishwe na kushindiliwa, kisha zirudishwe na vumbi la mawe. Kazi hii ifanyike Januari au Februari, na shimo likianza kutuamisha maji lijazwe siku hizohizo kwa kokoto zenye vumbi, siyo udongo.