Stesheni ya Makambako katika Reli ya Uhuru

Stesheni ya Makambako, mkoani Njombe, ni miongoni mwa vituo muhimu vya TAZARA, reli ya kilometa 1,860 iendayo kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ndipo reli hiyo, ikishapanda kutoka bonde la Kilombero, inapokutana na barabara kuu ya Zambia pamoja na ile ya Njombe na Songea.

Chimbuko la reli hii ni harakati za ukombozi, kwani walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, nchi isiyopakana na bahari, ilihitaji kusafirisha shaba yake bila kupitia kusini, na kwa kuwa wakopeshaji wa Magharibi walikwisha kuukataa mradi huo, China ilikubali mwaka 1967 kuugharimia kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na mwaka uliofuata reli ikafika Mlimba. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kilometa zipatazo 157 tu, lakini hakuna kipande kilichowatoa jasho zaidi mafundi wa Kichina na wenzao wa Kitanzania, kwa sababu njia ilipaswa kupanda zaidi ya mita 1,000 katika milima yenye mvua nyingi, ikipenya mahandaki, yaani njia zilizotobolewa ndani ya mlima, na kuvuka mto Mpanga juu ya daraja lenye nguzo za kimo cha mita 50. Reli nzima ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 1976.

Abiria wa Makambako wamehudumiwa na treni ya haraka, isimamayo vituo vikubwa, na ya kawaida, isimamayo hata vituo vidogo. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne na cha daraja la pili sita, wanaume na wanawake wakitengwa isipokuwa chumba kizima kikikodiwa, ilhali daraja la tatu ni la viti. Treni ya kawaida ndiyo inayostahili kutajwa kwanza, maana kwa vijiji vya mteremkoni kama Uchindile, ambako barabara ni ya shida, ndiyo iliyopandisha magunia ya mchele na mikungu ya ndizi hadi Makambako na kuteremsha viazi na maharage ya nyanda za juu. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, aliipa biashara hiyo ndogo uzito unaostahili.

Mji wa Njombe wenyewe, ulio umbali wa kilometa 60 hivi, haukupata reli, hivyo chai na mbao zake hutegemea malori, hasa tangu barabara ya Makambako hadi Songea ilipowekwa lami katika miaka ya 1980. Hata hivyo, geji ya TAZARA, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli, ni milimita 1,067, sawa na ile ya kusini mwa Afrika, kwa hiyo behewa la kutoka huko laweza kufika Makambako bila shehena kuhamishwa, jambo lisilowezekana kwa reli ya kati yenye geji ya mita moja.

Baada ya miaka mingi ya uhaba wa injini na mabehewa, Tanzania, Zambia na China zilitia saini jijini Beijing, Septemba 2024, hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo.