Mahangaiko ya kila siku hudhoofisha kinga ya mwili na kuchochea mzio

MWANAFUNZI mwenye pumu huenda akamaliza muhula karibu wote bila taabu, lakini wiki ya mtihani inapofika kifua kikaanza kumbana. Mama anayemuuguza mzazi wake nyumbani hushikwa na mafua yasiyoisha, naye aliyechelewa kulipa kodi ya nyumba huamka ngozi yake ikiwa imejaa mabaka yanayowasha.

Watu wengi huyachukulia matukio kama haya kuwa sadfa tu. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa kwa miongo mingi umedhihirisha kuwa msongo wa mawazo huacha athari zinazoweza kupimwa katika damu, ngozi na mapafu.

Miongoni mwa waanzilishi wa uchunguzi huo ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada. Mwaka wa 1936, alieleza katika jarida la Nature kwamba panya waliopatishwa taabu za aina mbalimbali, kama vile baridi kali na majeraha, walionyesha dalili zinazofanana. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba, ilhali tezi ya thaimasi, ambamo baadhi ya seli za kinga hukomaa, ilinywea.

Maelezo yake ni haya. Ubongo unapohisi tishio, huziamuru tezi za juu ya figo zitoe homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, sukari huongezeka katika damu na mwili huwa tayari kupambana au kukimbia. Tishio likipita upesi, kila kitu hurejea katika hali ya kawaida bila madhara.

Tatizo huzuka pale tishio lisipopita. Deni, ugomvi wa nyumbani, ukosefu wa kazi au safari ya kila siku katika msongamano wa magari si mambo ambayo mtu anaweza kuyakimbia. Homoni hizo huendelea kumiminika kwa wiki na miezi, na hapo seli nyeupe za damu zinazopambana na virusi hupungukiwa na nguvu.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa mwaka wa 1991 na Profesa Sheldon Cohen wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, pamoja na wenzake. Watu 394 wenye afya njema walijitolea kutiwa virusi vya mafua puani nchini Uingereza. Kati ya waliokuwa na msongo mdogo zaidi, takriban asilimia 27 waliugua mafua. Miongoni mwa waliokuwa na msongo mkubwa zaidi, kiwango hicho kilifikia takriban asilimia 47.

Utafiti mwingine wa Cohen, uliochapishwa mwaka wa 1998, ulionyesha kuwa shida iliyodumu kwa mwezi mmoja au zaidi, hasa ukosefu wa kazi na mizozo na watu wa karibu, ndiyo iliyoongeza hatari ya kuugua. Shida ya muda mfupi haikuwa na athari hiyo.

Hata kidonda huchelewa kupona. Mwaka wa 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwachunguza wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu. Vidonda vidogo vilivyokatwa mikononi mwao vilichukua takriban siku tisa zaidi kupona kuliko vya wanawake wengine wa umri wao.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa msongo huidhoofisha kinga, mbona mzio, ambao ni kinga iliyopita kiasi, huzidi badala ya kupungua?

Jibu ni kwamba kinga ya mwili ina matawi kadhaa. Msongo wa muda mrefu hulidhoofisha zaidi tawi linalopambana na virusi, na hivyo kulipa nafasi tawi linalotengeneza kingamwili za IgE. Kingamwili hizi ndizo hutambua vumbi, chavua au manyoya ya paka kana kwamba ni adui, kisha seli za ngozi na njia za hewa zikamwaga histamini. Matokeo yake ni chafya, macho kuwasha, ngozi kuvimba na kifua kubana.

Isitoshe, kotisoli kwa kawaida hutuliza uvimbe wa aina hii. Inapozidi kwa muda mrefu, seli za kinga huizoea na kuacha kuitii. Hivyo, breki ya mwili hukosa nguvu wakati inapohitajika zaidi.

Mwaka wa 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 20 wenye pumu isiyo kali. Walivutishwa kitu kinachowadhuru katika kipindi kisicho na mitihani, na pia wakati wa mitihani ya mwisho. Ingawa kilichovutwa ni kile kile, uvimbe katika njia zao za hewa ulikuwa mkubwa zaidi wakati wa mitihani.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba msongo pekee ndio huleta mzio. Urithi wa kizazi na vitu kama vumbi la nyumbani, mende, moshi wa kuni na chavua ndivyo msingi wa maradhi haya. Msongo huchochea moto uliokwisha kuwashwa.

Kosa lililo hatari zaidi ni kumwambia mgonjwa kwamba pumu yake ni ya mawazo tu, kisha yeye akaiacha dawa. Njia za hewa huvimba kwelikweli, na pumu isiyotibiwa huua. Dawa ya kuzuia uvimbe inapaswa kutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mgonjwa anapojihisi mzima. Mtahiniwa wa KCSE mwenye pumu hana budi kuwa na inhela yake karibu, na walimu wake wajue.

Usingizi nao ni kinga. Mwaka wa 2009, Cohen na wenzake waliripoti kuwa waliolala chini ya saa saba kwa usiku walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kushikwa na mafua, wakilinganishwa na waliolala saa nane au zaidi. Kutembea kwa miguu, kumweleza mtu wa kuaminika yanayousumbua moyo na kupunguza sigara na pombe pia husaidia.

Mgonjwa anaweza vilevile kuandika siku ambazo dalili zilimzidia, alichokula, alikokuwa na lililokuwa likimsumbua. Maandishi hayo humsaidia daktari kutambua kiini cha tatizo.

Lakini mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au ulimi ukivimba, au inhela isipomletea nafuu, apelekwe hospitalini mara moja.