Asili na Maana ya Neno Shrapneli

Neno shrapneli, litumikalo katika Kiingereza, siku hizi hufasiriwa kuwa ni vipande vya chuma vitawanyikavyo bomu linapolipuka. Fasiri hiyo yafaa kwa habari za vita vya leo. Kwa maandishi ya karne ya 19 haifai hata kidogo.

Asili yake ni jina la mtu, Henry Shrapnel (1761–1842), afisa wa mizinga katika jeshi la Uingereza. Kabla yake, mizinga ilipiga makopo yaliyojazwa risasi. Kopo lilipasuka papo hapo kwenye mdomo wa mzinga, na risasi hazikufika mbali. Kuanzia 1784 Shrapnel alishughulikia kombora la mviringo, lenye uwazi ndani, lililotiwa risasi, baruti kidogo, na utambi uliopimwa ili lipasuke angani mbele ya adui. Baruti ile ilikuwa ya kulifungua ganda tu. Kilichozipeleka risasi ni mwendo wa kombora lenyewe. Ganda, basi, halikuwa silaha bali chombo. Kombora hilo lilikubaliwa jeshini mwaka 1803, likatumika Suriname mwaka 1804 na Vimeiro, Ureno, mwaka 1808. Jina la mbuni wake lilipewa rasmi mwaka 1852, naye amekwisha kufa miaka kumi.

Katika vita vya 1914–1918 kombora moja la aina hiyo, la mzinga wa kawaida wa Waingereza, lilichukua risasi zaidi ya 370. Lakini askari waliojificha katika mahandaki hazikuwapata sana. Nafasi yake ikashikwa na makombora ya baruti kali, ambayo ganda lake lenyewe huvunjika na kuua. Kitu kikatoweka, jina likabaki, likahamia kwenye vigae vya ganda.

Uhamaji wa namna hii Kiswahili kinaujua: mzinga wa nyuki uliupa mzinga wa vita jina kwa umbo lake, na risasi ilikuwa madini kabla ya kuwa kitu cha kupigia bunduki.

Mfasiri wa habari za Vimeiro, kwa hiyo, aandike “kombora lililojazwa risasi”. Marisau hayafai, kwa kuwa hayo ni ya kupigia ndege, na risasi za Shrapnel zilikuwa za kadiri ya zile za bunduki. “Vipande vya kombora” viachiwe vita vya baadaye.