Lamprologus ocellatus
Samaki mdogo wa familia ya Cichlidae, anayepatikana Ziwa Tanganyika pekee. Dume hufikia sentimita 5 hivi, lakini ukali wake haulingani na kimo: huuma hata mkono wa mfugaji. Makao yake ni kombe tupu la konokono Neothauma, analolifukia mchangani mpaka ubakie mdomo tu. Kila jike naye huwa na lake. Ugomvi wa tangini hutokana hasa na makombe haya. Dawa ni kuweka makombe mengi kuliko samaki, yatawanywe kwenye mchanga laini, na mawe katikati ili majirani wasionane. Madume wawili katika tangi dogo hawakai. Bora dume mmoja na majike kadhaa. Jike anayefukuzwa kila atokapo, mapezi yamechanika, ahamishwe mapema.