Maji ya Chumvichumvi

Maji ya chumvichumvi ni mchanganyiko wa maji safi, sukari na chumvi anaopewa mtu anayeharisha ili kufidia maji yanayompotea. Hayafungi choo, na hapo ndipo wazazi wengi huyakatia tamaa: mtoto amekunywa, bado anaharisha. Lakini kinachoua mara nyingi ni kukauka kwa mwili, na hicho ndicho yanachokizuia.

Sukari haimo kwa ajili ya utamu. Ukuta wa utumbo mwembamba una protini zinazovusha glukosi pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi. Zikivuka, maji hufuata. Mwanabiokemia Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka 1960. Hata sumu ya kipindupindu, inayoufanya utumbo umwage maji kwa lita, haizibi njia hiyo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuokolewa kwa kikombe wakati utumbo wenyewe bado unavuja.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, na dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kugawa mchanganyiko huu, ndugu wakawanywesha wagonjwa wao. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Pakiti ya ORS, yaani unga wa kutengenezea maji haya, ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitrati. Ikikosekana, hutumika vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko viwe vya kufutwa juu, visijazwe kilima. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji ya mwili yaingie utumboni, na kuharisha kukaongezeka. Soda ina kasoro hii ya pili. Madafu, yanayosifiwa sana Pwani, yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo: kinywaji kizuri, si mbadala wa pakiti.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Akitapika, husubiriwa dakika 10, kisha huendelea kwa kijiko, taratibu. Kumnyima chakula ni kumdhoofisha bure. Anyonye, ale uji wake kama kawaida. Zinki, miligramu 20 kwa siku (10 kwa aliye chini ya miezi 6) kwa siku 10 hadi 14, hufupisha ugonjwa.

Choo chenye damu, macho yaliyoingia ndani, ulegevu, kushindwa kunywa, au ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa: hayo ni ya kituo cha afya mara moja, mtoto akinyweshwa njiani maadamu anaweza kumeza.